Darubini kubwa, shabaha ya jirani

Jamaa alikuwa anaongoza kwa pointi tatu na amebakiza risasi moja tu. Ni kama timu iko mbele 3-0 dakika ya 90, mashabiki wa upande wa pili wameshaanza kutafuta usafiri wa kurudi nyumbani.

Ilikuwa Agosti 2004, Olimpiki ya Athens, fainali ya bunduki mita 50 mikao mitatu. Mmarekani Matthew Emmons, ambaye siku chache kabla alishabeba dhahabu ya mkao wa kulala, akavuta pumzi, akafyatua, akatazama skrini asubiri pointi zake. Hakuna kitu. Risasi ilikuwa imekwenda kwenye shabaha ya jirani.

Waamuzi wakampa sifuri. Akaporomoka hadi nafasi ya nane, ya mwisho kwenye fainali ile, na dhahabu ikaenda kwa Mchina Jia Zhanbo. Kwenye soka tungesema amejifunga. Baadaye alieleza kwamba kawaida yake ni kuangalia kwanza namba iliyo juu ya shabaha, kisha anashusha bunduki, lakini kwa risasi ile akili yote ilikuwa kwenye kutuliza presha.

Sasa sikia hili: bunduki ya Emmons haikuwa na darubini kabisa. Kwenye mashindano ya bunduki ya Olimpiki darubini ya kukuza hairuhusiwi. Mlengaji anachungulia tundu dogo la nyuma na pete ya mbele, basi. Kama mtu anayeona kwa jicho lake bila kukuziwa kitu anaweza kupotea njia, vipi yule aliyefunga darubini inayokuza mara 50, ambaye dunia yake yote ni kaduara kadogo chenye shabaha moja?

Huyo yupo, na mchezo wake unaitwa F-Class. Herufi F inatokana na Mkanada George Farquharson, aliyetaka walengaji ambao macho na mikono vimeanza kuchoka wasistaafu, waruhusiwe darubini na kitu cha kuegemezea bunduki. Leo vijana wamejaa humo.

Umbali mkubwa wa mchezo huo ni yadi 1,000, yaani mita 914. Panga viwanja vya mpira karibu tisa kwa urefu, kaa golini kwa kwanza, halafu lenga goli la mwisho. Lakini hulengi goli. Kwa shabaha zinazotumika Marekani, duara la pointi 10 lina upana wa inchi 10, sentimita 25, limezidi mpira wa miguu kidogo tu. Ndani yake kuna duara la X, inchi 5. Wawili wakilingana pointi, zinahesabiwa X, kama sisi tunavyohesabu tofauti ya mabao.

Hapo ndipo wageni wanapokimbilia dukani kuuliza darubini inayokuza kuliko zote. Ni kosa lilelile la kumsajili straika kwa sababu ya urefu wake.

MSALABA MNENE UNAFICHA GOLI

Cha kuangalia kwanza ni msalaba, zile nyuzi zinazokatana ndani ya darubini, na nukta iliyo katikati yake. Vipimo vyake ni dakika, siyo za saa bali za pembe: nyuzi moja imegawanywa vipande 60. Dakika moja kwenye mita 100 ni kama sentimita 2.9. Kwenye yadi 1,000 ni sentimita 26.6.

Fanya hesabu. Nukta yenye upana wa dakika moja, kwa umbali huo, inafunika duara zima la pointi 10. Unalenga kitu usichokiona. Nukta ya moja ya nane ya dakika inafunika kama sentimita 3.3, na duara la X linabaki wazi pande zote.

Kuna darubini ambazo msalaba wake unanenepa kadiri unavyokuza, na nyingine msalaba unabaki vilevile. Ule unaonenepa una faida: alama zake zinapima sawasawa kwa ukuzaji wowote, ndiyo maana unapendwa kwenye mashindano ambayo umbali unabadilika kila dakika na saa inakimbia. Kwa F-Class, ambako umbali unajulikana tangu asubuhi, usiobadilika unatosha na ni mwembamba. Ila alama zake zinasema kweli kwa ukuzaji mmoja tu.

Alama za pembeni ni za lazima, kwa sababu ya upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni unaweza kuisukuma risasi ya .308 hadi mita mbili kabla haijafika. Upepo ukigeuka ghafla hakuna muda wa kuzungusha vifundo. Mlengaji anahamisha msalaba alama mbili kushoto na kufyatua. Lakini msalaba uliojaa vinukta kama mti wa Krismasi ni wa kuuzia darubini, siyo wa kupigia X.

Halafu msalaba na vifundo viongee lugha moja. Wapo wanaonunua msalaba wa mili na vifundo vya dakika, na mili moja ni dakika 3.44. Kugawa na kuzidisha hesabu hiyo huku saa inakwenda ni kujitafutia balaa.

Ukuzaji nao una adhabu zake. Jua likipanda, ardhi inatoa mvuke wa joto, na darubini inaukuza pamoja na shabaha. Duara linacheza kama liko ndani ya maji. Wazoefu wanashusha kutoka 50 hadi 25 au chini, wanaona pana zaidi, na namba ya shabaha yao inaonekana. Isitoshe, kwenye kundi la F-TR bunduki, darubini na miguu yake vyote havitakiwi kuzidi kilo 8.25. Ukimaliza bajeti yote kwa straika, beki utamtoa wapi?

Kifundo cha pembeni kinasahaulika sana. Kisiporekebishwa kulingana na umbali, ukisogeza kichwa kidogo msalaba nao unahama juu ya shabaha. Shabiki wa soka hahitaji maelezo marefu: kamera ikikaa vibaya, straika aliye sawa na beki anaonekana ameotea.

Kabla ya kuiamini darubini mpya, kuna mtihani wake. Piga risasi moja kwenye karatasi. Zungusha kliki 20 juu, piga. Kliki 20 kulia, piga. 20 chini, piga. 20 kushoto, piga tena, wakati wote ukilenga nukta ileile. Matundu yanatakiwa kuchora mraba, na risasi ya tano irudi pale ilipoanzia ya kwanza. Isiporudi, usimtafute mchawi. Rudisha darubini dukani.