Mnyama wa mwitu hafai kufugwa nyumbani

WAKAZI wa Sagalla, kilima kilicho karibu na mji wa Voi, ni majirani wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Tumbili na nguchiro huingia mashambani mwao mara kwa mara. Kwa hivyo si ajabu mtoto kumwokota mwana tumbili aliyefiwa na mamake, akamleta nyumbani na kumpa maziwa.

Hiyo ni huruma, lakini sheria inaikataza. Hata kama sheria isingekuwapo, daktari angeikataza.

Sheria yasemaje?

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, hairuhusu mtu kumweka mnyama wa mwitu bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hata kobe, nyoka na ndege wa porini wanalindwa. Mwaka 2025, mahakama ya Nairobi iliwatoza vijana wawili Wabelgiji faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kupatikana na sisimizi hai wapatao 5,000.

Hatari kwa afya

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Watu wengi huupata kwa kuumwa na mbwa, lakini nguchiro, bweha na wanyama wengine wanyonyeshao wanaweza kuuambukiza. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Mbwa aliyemuuma mtu anaweza kuchungwa kwa siku 10 kuona kama ataugua. Kipimo hicho hakitumiki kwa nguchiro wala tumbili. Tena, mnyama wa mwitu asiyemwogopa binadamu huenda tayari ni mgonjwa. Upole wake usikudanganye.

Kobe naye hubeba viini vya salmonela bila kuugua. Mtoto akimshika kisha atie vidole mdomoni, anaweza kuhara vibaya. Kwa sababu hiyo, Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10. Kasuku mgonjwa naye huambukiza homa ya mapafu kupitia vumbi la kinyesi kilichokauka.

Ukiumwa au kukwaruzwa

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake udongo, mafuta ya taa wala dawa za mitishamba. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo, ukaeleze ni mnyama gani. Daktari ataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa awamu. Usiache katikati kwa kuwa jeraha limepona.

Mwana mnyama akionekana peke yake, msimguse. Pigieni KWS simu. Hapo Voi, ndovu mayatima hulelewa ndani ya Tsavo Mashariki na watu waliofunzwa kazi hiyo, hadi warudi porini.

Ikiwa tayari unaye mnyama nyumbani, usimwachilie ovyo. Wajulishe KWS, na uwaonye watoto wasimkaribie hadi atakapochukuliwa. Mpira na kitabu vyatosha kumchangamsha mtoto. Tumbili na abaki mtini.