Elektroni Ziitikapo Wimbi

Magharibi inapoingia, maduka ya Birere hapa Goma yakawasha taa zile ndefu za kioo tulizozoea kuziita neoni, aghalabu ndani yake neoni haimo, bali mna arigoni, iliyo mojawapo ya gesi adimu, pamoja na zebaki kidogo. Na umeme upitapo humo huzipokonya atomu baadhi ya elektroni zao, hata gesi iliyokuwa imetulia ikageuka kuwa ile hali ambayo mwanasayansi Irving Langmuir, mwaka 1928, aliipa jina la plazima.

Elektroni hizo zikivutwa kando hurudi kwa kishindo, zikapita kikomo, zikarudi tena, mfano wa mtumbwi uliofungwa ufukoni mwa Ziwa Kivu, ambao una mwendo wake wa kuyumba, na mtoto akiusukuma kwa kuufuata mwendo huo huutikisa kuliko mtu mzima asukumaye ovyo. Penye elektroni bilioni 1,000 katika sentimita moja ya ujazo, mitikisiko hufikia takriban bilioni 9 kwa sekunde, nayo ni daraja ya mikrowevu.

Basi aijuaye mitikisiko ameijua na hesabu ya elektroni, pasipo kukivunja kioo wala kutia kitu ndani yake. Mpimaji hukikingamisha kioo katika bomba la chuma la pembe nne lipitishalo mikrowevu, akaliacha wimbi lilivyo, akaongeza mkondo wa umeme taratibu. Na elektroni zinapoitika, mshale wa kipimo upande wa pili huanguka ghafula. Mwanafizikia Lewi Tonks alipoujaribu mvuke wa zebaki, mwaka 1931, alitazamia mwitiko mmoja akapata kadhaa, na fumbo hilo, ambalo mimi hulistaajabia kuliko yote, halikufumbuliwa sawasawa hadi mwaka 1964: elektroni ni nyingi katikati na haba ukingoni, na wimbi hunaswa katika ule wembamba wa ukingoni, likarudi na kwenda.

Hata Lwiro, upande wa Bukavu, taasisi ya utafiti wa sayansi, IRSAC, iliyoasisiwa mwaka 1947 ilizipima plazima za angani kwa elimu iyo hiyo. Huko juu elektroni zaweza kuwa haba mara milioni kuliko za kiooni, ilhali mitikisiko hupungua mara elfu tu; kwa hiyo wimbi la redio la mitikisiko milioni chache, likirushwa wima kutoka bustani za Lwiro, lilipokutana na elektroni zenye mitikisiko sawa na yake lilirudi ardhini, likapokewa pale pale lilipotoka.