Ukusanyaji wa Riwaya za Upelelezi katika Pwani ya Kusini

Huko Marekani, riwaya za Tony Hillerman zinazohusu upelelezi katika nchi ya Wanavajo zina wakusanyaji wake maalumu. Riwaya ya kwanza, The Blessing Way, ilitoka mwaka 1970. Nakala inayotafutwa zaidi ni ya toleo la kwanza lenye jalada gumu, likiwa bado na jaketi lake la karatasi. Mvuto wa riwaya hizo ni jinsi imani na mandhari ya wenyeji yanavyokuwa sehemu ya fumbo lenyewe.

Sifa hiyo inapatikana pia katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, naye Bwana Msa anaichambua hofu ya watu hadi kuufikia mkono wa binadamu. Msomaji wa Diani au Msambweni, jirani wa Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, haoni ugeni katika mandhari hayo.

Hata hivyo, kigezo cha jalada gumu hakifai huku. Riwaya nyingi za Kiswahili za aina hii zilitolewa kwa majalada ya karatasi, na jalada gumu linaloonekana leo huenda ni kazi ya maktaba iliyokijalidi kitabu upya na kulitupa jalada la asili. Ushahidi wa kutegemewa umo katika ukurasa wa haki ya kunakili: jina la mchapishaji, mwaka wa toleo la kwanza na miaka ya kuchapishwa tena. Jina la mchapishaji nalo husaidia kukadiria umri wa nakala, kwani Kenya Literature Bureau, mrithi wa Bureau ya awali nchini Kenya, iliundwa mwaka 1980.

Adui mwingine ni unyevu wa bahari, unaoleta kuvu na kulegeza gundi, pamoja na mchwa. Rafu isigusane na ukuta wala sakafu, na vitabu vipate hewa.

Matoleo ya kwanza yakitoweka, mhakiki hataweza kubaini neno lililobadilishwa na mwandishi na lile lililobadilishwa na mhariri. Kwa hiyo, nakala iliyochakaa yenye kurasa zote inastahili kuhifadhiwa.