Kivukoni Ifakara: Nauli Imepotea, Samaki Amebaki

Tangu daraja la mita 384 liliposimama juu ya mto Kilombero, likazinduliwa rasmi mwaka 2018, na pantoni lililokuwa likivusha watu na magari baina ya Ifakara na upande wa Mahenge likakosa kazi, imekuwa dhana ya wengi, na hasa ya wakubwa wapitao juu yake pasipo kuteremka garini, kwamba shughuli za mtoni zimekwisha pamoja na pantoni hilo. Mwenye kushuka hadi majini asubuhi, wakati mitumbwi ifikapo kutoka kambini na wachuuzi wakigombania matenga, ataona kwamba iliyokufa ni biashara ya kuvusha abiria tu.

Jambo hili latuhusu sisi wa Mang'ula kuliko tunavyokiri, kwani ijapokuwa tunakaa chini ya milima ya Udzungwa na kujisifu kwa maporomoko yake, samaki wa kubanikwa tumnunuaye sokoni, awe kambale, kitoga au perege, aghalabu ametoka katika mto huo na mabwawa yake, akaletwa kwa treni ya Reli ya Uhuru au, siku hizi zaidi, kwa barabara. Masika maji hufurika bondeni na samaki wakatawanyika majanini. Kiangazi, maji yarudipo mtoni, ndipo wavuvi wahamiapo kambini na bei ikapungua.

Lakini bei hiyo, kwa rai ya mama mmoja mchuuzi ambaye ameifanya kazi hii tangu zama za pantoni, haimfaidii mvuvi wala yeye. Mvuvi, alitueleza, haendi kambini ila kwa mkopo: nyavu, unga, chumvi, na pengine fedha za kumwachia mkewe, na mkopeshaji ni yeye mama, kwa sharti kwamba samaki atakayevuliwa auzwe kwake na si kwa mwingine. Kambi ikivunjwa na askari, au nyavu zikichukuliwa kwa madai kwamba matundu yake ni madogo kuliko yaruhusiwavyo, deni halina wa kulilipa, nayo rasilimali yake imekwenda na mto. Akisalimika na hayo, hulipa ushuru pale mtoni akapewa stakabadhi, kisha akifika kizuizini huambiwa kwamba stakabadhi ile ni ya halmashauri nyingine. Alipe tena, au ashushe tenga lake akae juani mpaka basi limwache. Alikwisha kujaribu, asema, kuuliza ofisini sheria ni ipi, akaambiwa arudi wiki ijayo, naye samaki hangoji wiki. Hatukuweza kuthibitisha kila alilolisema, na wachuuzi wengine wawili tuliowauliza walilalamikia zaidi wavuvi wauzao kwa siri kuliko vizuizi. Lakini hata hao walipoulizwa habari ya stakabadhi walicheka.

Afisa mmoja wa mambo ya maliasili, ambaye hakupenda kutajwa, aliyajibu malalamiko hayo kwa hesabu. Kilombero, alisema, huchangia kiasi cha asilimia 62 ya maji ya Rufiji, ambako limejengwa bwawa la umeme la megawati 2,115. Kwa hiyo bonde hili, lililoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, halina budi kulindwa, na hasa ile sehemu yake iliyotangazwa mwaka 2023 kuwa pori la akiba. Hesabu hiyo hatuna haja ya kuipinga. Ila ni hesabu ya maji, si ya samaki wala ya walao kwa samaki, na tulipomwuliza ni matenga mangapi yapandayo kutoka mtoni kwa mwezi, alirejea kwenye asilimia zake. Juu ya ushuru alisema kwamba stakabadhi moja yatosha safari nzima. Huenda ndivyo ilivyoandikwa.

Mafundi wa mitumbwi nao wangalipo, ingawa gogo la mvule la kuchongwa kwa tezo limekuwa adimu na kibali chake ni kigumu, hata wengi wamegeukia mbao, ambazo hudai kalafati kila mara na hazidumu.

Mvua ikiwa ya kadiri, msimu ujao waweza kuwa mwema. Ikizidi, kambi zitachelewa. Na mipaka ya pori ikishikwa kwa ukali, huenda hata mvua njema isifae kitu. Mama yule amekwisha punguza wavuvi anaowakopesha, na anafikiri kutia sehemu ya fedha zake katika mpunga, ambao hauombewi kibali cha kuingia mtoni, ijapokuwa bei yake, kama ajuavyo kila mkulima wa bonde hili, huanguka papo hapo mavuno yanapokuwa mengi.