Gitaa la Umeme Linalochongwa Nyumbani: Mbao, Waya na Hesabu Mjini Goma

Gitaa la umeme ni ala ambayo sauti yake haizaliwi tumboni mwake. Gitaa la kawaida hutegemea ubao mwembamba wa mbele, unaotikisika pamoja na nyuzi na kuisukuma hewa iliyomo katika uwazi wa ndani, ilhali gitaa la umeme mara nyingi huwa na kiwiliwili cha mbao nzima isiyo na uwazi, na kazi ya kuidaka sauti huachiwa kinasa, yaani sumaku na waya wa shaba vilivyowekwa chini ya nyuzi. Kwa sababu hiyo gitaa la umeme ni rahisi zaidi kutengenezwa nyumbani kuliko lile la kawaida, ingawa wengi hudhani kinyume chake: kupinda mbao nyembamba za ubavuni kwa maji na moto bila kuzipasua ni kazi ya fundi aliyezeeka katika ufundi huo, lakini kuchonga ubao mmoja wenye unene wa milimita 45 hivi kunahitaji msumeno, patasi, tupa, msasa na subira. Kinachobaki ni hesabu, na hesabu hiyo haisamehe.

Nchini Kongo kujiundia gitaa si jambo geni. Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa mwaka 1938 na ambaye baadaye aliiongoza bendi ya OK Jazz, alianza utotoni kwa gitaa alilojitengenezea kwa kopo na nyaya za umeme zilizochunwa ganda. Katika komini ya Lemba, mjini Kinshasa, fundi Misoko Nzalayala, anayefahamika zaidi kwa jina la Socklo, amechonga magitaa kwa mikono yake kwa miongo kadhaa, akiwapa ala wanamuziki ambao bei ya gitaa la kutoka ng'ambo ingewafungia mlango. Kundi la Konono No. 1, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi katika miaka ya 1960, liliwashangaza wasikilizaji wa Ulaya kwa albamu ya Congotronics ya mwaka 2004, ambamo likembe, ala ya vijiti vya chuma inayochezwa kwa vidole gumba, ilisikika kwa ukali wa gitaa la umeme, kwa kuwa vinasa vyake viliundwa kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari makuukuu.

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ina sababu zake yenyewe za kuwa mahali panapofaa kazi hii. Ni mji wa maseremala. Tangu lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoifunika sehemu ya mji mnamo Januari 2002, nyumba nyingi zimejengwa kwa mbao juu ya misingi ya mawe meusi ya lava hiyohiyo, na randa na misumeno ni vyombo vya kila mtaa. Humo humo huchongwa chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba makaa, viazi na saruji kwa mamia ya kilo, chombo ambacho mji umekijengea sanamu katika mzunguko wa barabara. Anayeweza kukadiria kwa jicho mahali ambapo shingo ya chukudu itavunjika ikiwa mishipa ya mbao imekatwa upande, tayari anajua nusu ya yale ambayo mtengenezaji wa magitaa hufundishwa, kwa maana shingo ya gitaa nayo huvunjika kwa sababu ileile na mahali palepale: panapopinda, ambapo mishipa ya mbao ni mifupi.

Mbao zenyewe zipo. Mvule, pamoja na miti ya jamii ya mahogani ya Afrika kama vile mkangazi na sapele, hupatikana katika misitu ya mashariki na kaskazini ya Kongo, na viwanda vya magitaa vya Marekani na Ulaya huitafuta miti hiyo kwa sababu haipindi ovyo na huwa na uzito wa wastani. Wenge, mti mweusi wa Bonde la Kongo, umetumiwa na kampuni ya Kijerumani ya Warwick kwa shingo za magitaa yake ya besi. Inauma kuona magogo yakiondoka nchini kwa bei ya kuni na kurudi, kama yanarudi, yakiwa ala ambazo kijana wa mitaa ya Goma kama Ndosho au Katindo hawezi hata kuzigusa dukani. Ubao mmoja wa mvule unaobaki katika karakana ya seremala baada ya kutengeneza mlango unatosha kiwiliwili cha gitaa, na mabaki ya namna hiyo ndiyo mwanzo mwema kwa anayejifunza, kwani hayamgharimu mti mwingine. Tahadhari moja ni ya lazima: vumbi la mvule huwasha ngozi na kuziba pumzi, hivyo pua na mdomo hufunikwa kwa barakoa au kitambaa kila msasa unapofanya kazi.

Kabla ya kukatwa, ubao huo hauna budi kukauka, na Goma, iliyoko kando ya Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ni mji wa mvua nyingi. Kanuni ya zamani ya maseremala husema mwaka mmoja wa kivulini kwa kila milimita 25 za unene, lakini ipo njia ya uhakika zaidi ambayo haihitaji chombo chochote kigeni: ubao hupimwa kila wiki kwa mizani, uzito huandikwa kwa kalamu kwenye ubao wenyewe, na namba zinapoacha kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo, maji yaliyokuwa tayari kutoka yametoka. Fundi asiyesubiri hulipwa miezi sita baadaye, shingo inapojisokota kama kamba.

Shingo ndiyo moyo wa kazi nzima. Juu yake hubandikwa ubao wa vidole, na juu ya ubao huo hupigiliwa freti, yaani vijiti vyembamba vya chuma vinavyoufupisha uzi pale kidole kinapoubana na hivyo kuipandisha sauti. Mahali pa kila freti hupatikana kwa hesabu. Urefu wa uzi, kutoka kizingiti cha juu hadi daraja lililo kwenye kiwiliwili, hugawanywa kwa 17.817, jibu ndilo umbali wa freti ya kwanza, kisha urefu uliobaki hugawanywa tena kwa namba ileile, na kuendelea hivyo. Kwa gitaa lenye uzi wa milimita 648, ambacho ni kipimo cha magitaa mengi ya Fender, freti ya kwanza hukaa milimita 36.4 kutoka kwenye kizingiti, ya pili hufuata baada ya milimita 34.3 nyingine, na ya kumi na mbili huangukia milimita 324, nusu kamili ya uzi, ambako sauti ileile husikika ikiwa imepanda oktava moja. Namba hiyo ya ajabu, 17.817, inatokana na kuigawa oktava katika hatua 12 zenye uwiano sawa. Vincenzo Galilei, mwanamuziki wa Italia na baba wa mwanasayansi Galileo, alipendekeza mwaka 1581 namba 18 kwa ajili ya ala za nyuzi, na mafundi wa Ulaya waliifuata kwa muda mrefu. Hata hivyo, kwa uzi wa milimita 648, namba hiyo huikosesha freti ya kumi na mbili kwa zaidi ya milimita mbili, na sikio hulisikia kosa hilo mara moja.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea, tena kwa namna ileile. Hupima freti ya kwanza kutoka kwenye kizingiti, kisha ya pili kutoka kwenye ya kwanza, ya tatu kutoka kwenye ya pili, na kosa la theluthi moja ya milimita, ambalo ni unene wa ncha ya penseli isiyochongwa vizuri, hujirudia na kujumlishwa mpaka freti ya kumi na mbili inakuwa nje kwa milimita nne. Njia iliyo sahihi ni kuandika umbali wote kwenye karatasi kwanza, kuilaza rula ya chuma bila kuisogeza, na kuutia alama kila mstari kutoka kwenye kizingiti kilekile kwa ncha ya kisu, si kwa penseli. Mifereji hukatwa kwa msumeno wenye unene uliolingana na mguu wa freti; freti hugongwa kwa nyundo ya mbao kuanzia kingo mbili kuelekea katikati; ndipo tupa ndefu iliyonyooka hupitishwa juu ya freti zote kwa pamoja, zikiwa zimepakwa wino, hadi wino uondoke kila mahali kwa kiasi kilekile.

Nyuzi sita zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 hivi, karibu na uzito wa mfuko mzima wa saruji, na ndiyo maana ndani ya shingo hufichwa ufito wa chuma unaokazwa kwa nati ili kuvuta kinyume cha nyuzi. Ufito huo huweza kutengenezwa na fundi wa kuchomelea yeyote wa mtaa wa Birere.

Kinasa hutisha zaidi kwa macho kuliko kwa mikono. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, huivuruga nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili ya waya wa shaba, na mvurugiko huo huzaa mkondo mdogo wa umeme ambao kikuza sauti huugeuza kuwa sauti. Ni kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Koili ya kinasa cha kawaida ina mizunguko 7,000 hadi 8,000 ya waya mwembamba kama unywele, ambao ukinyooshwa hufikia kilometa moja hivi. Vipande vya sumaku ya feriti hutolewa katika mota ndogo zilizokufa, skrubu sita za chuma huwa vichwa vya kinasa, na waya huweza kutolewa katika transfoma ndogo za redio, ilmradi varnishi inayoufunika isikwaruzike, kwa kuwa mzunguko mmoja uliochubuka huweza kuharibu koili nzima. Umeme wa mjini, ambao sehemu yake hutoka katika kituo cha umeme wa maji cha Matebe huko Rutshuru, huleta mvumo mzito wa masafa ya hezi 50. Mvumo huo hupunguzwa kwa kulifunika shimo la vinasa kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na waya wa ardhi.

Mfano maarufu kuliko yote wa gitaa la karakana ya nyumbani una jirani aliyetoka Zanzibar. Mwaka 1963, huko Feltham, magharibi mwa London, kijana Brian May na baba yake walianza kuchonga gitaa ambalo liliwachukua miaka miwili hivi: shingo ilitoka katika mbao za meko ya kale, na matobo ya wadudu yalizibwa kwa njiti za kibiriti, vitone vyeupe vya ubao wa vidole vilikuwa vifungo vya nguo za mama, springi zilitoka katika pikipiki kuukuu. Familia ya Bulsara, iliyoondoka Zanzibar mwaka 1964, ilihamia mji huohuo wa Feltham, na mtoto wao Farrokh, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, baadaye aliimba kando ya gitaa hilo katika kundi la Queen kwa jina la Freddie Mercury. Hata Brian May hakufaulu kila kitu: vinasa alivyovisuka mwenyewe vilipotosha sauti kila uzi uliposukumwa upande, akanunua vingine.

Vivyo hivyo, fundi wa Goma hujitengenezea anachoweza na kuagiza kingine. Waya wa freti, funguo za kukazia nyuzi na nyuzi zenyewe huja kwa barabara kutoka Kampala au Kigali, hasa tangu uwanja wa ndege ulipofungwa mwezi Januari 2025, kundi la waasi la M23 lilipoutwaa mji. Anayekusudia kupiga sebene, yaani kile kipande cha dansi ambamo magitaa hujibizana kwa sauti kali za juu, huweza kuufuata mtindo wa Kikongo wa kuuondoa uzi wa nne mnene na kuweka mwembamba unaokazwa oktava moja juu zaidi; kizingiti hukatwa kwa mujibu wa uzi huo tangu mwanzo.

Mwisho wa kazi ni jaribio la freti ya kumi na mbili. Uzi huguswa kidogo tu juu yake ili utoe sauti ya nusu, kisha hubanwa palepale. Sauti ya pili ikizidi ya kwanza, kitako cha uzi kwenye daraja hurudishwa nyuma kwa skrubu, robo mzunguko kwa wakati, na kila uzi huchukua zamu yake. Gitaa hulazwa usiku mmoja likiwa limekazwa, kwa sababu mbao mpya hupinda kidogo chini ya mzigo, na asubuhi nyuzi zote hukutwa zimeshuka; fundi huzikaza tena, hutazama shingo dhidi ya mwanga wa mlango, na kuanza upya na uzi wa sita.