Fani Yako Ndiyo Mtaji wa Mtandaoni

Mjini Mpanda, mkoani Katavi, kama ilivyo katika miji mingi nchini Tanzania, kazi ya mitandao ya kijamii hudhaniwa kuwa ya vijana wenye vipaji vya kuchekesha, kuimba na kucheza. Mwalimu, bwana shamba au mhasibu wa chama cha msingi cha tumbaku huuona mlango huo kuwa haumhusu, hata pale mshahara unapokuwa haufiki mwisho wa mwezi. Ninaamini kinyume chake: anayeweza kudumu katika kazi hii ni yule aliyekwisha kujifunza kazi nyingine. Simu ni jembe, na jembe haliotishi kitu pasipo shamba.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Issa Michuzi alipofungua blogu yake mwaka 2005, alikuwa tayari mpigapicha wa gazeti la Daily News, mwenye jicho lililozoea matukio na watu waliomfahamu. Millard Ayo naye alikuwa mtangazaji wa redio kabla jina lake halijawa chombo kikubwa cha habari mtandaoni. Alikwisha kujua namna ya kuuliza swali na kumshika msikilizaji. Wote wawili hawakutupa fani zao. Walizihamishia mahali penye watu wengi zaidi, na watu wakawafuata kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa imeiva.

Katavi ina haja ya watu wa namna hiyo kuliko mikoa mingi. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulihesabiwa kuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huo. Katika sensa ya 2022 walikuwa 1,152,958, ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, kubwa kuliko la mkoa wowote nchini. Watu wakiongezeka maradufu, maswali nayo huongezeka: mbegu ipi ipandwe, mtoto aandikishwe wapi, dawa itumike vipi. Viwavijeshi vamizi walipoingia kwenye mahindi ya Tanzania mwaka 2017, mkulima alihitaji mtu wa kumwonyesha kwamba mdudu hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na kwamba akichelewa kumkagua dawa haitamfikia. Bwana shamba mmoja hawezi kufika kila kijiji, lakini video yake ya dakika mbili, kwa Kiswahili chepesi, hufika.

Wapo watakaouliza: na pesa je? Swali ni la haki, maana YouTube haianzi kugawa mapato ya matangazo kwa video za kawaida mpaka chaneli ifikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Anayetegemea hilo pekee atachoka mapema. Shilingi ya kwanza hutoka karibu zaidi: kwa wauza asali wa Inyonga, wenye nyumba za wageni, na wanaopokea watalii wa Hifadhi ya Katavi, yenye kilometa za mraba 4,471 na viboko wanaosongamana kwenye madimbwi ya Mto Katuma wakati wa kiangazi. Hao wana bidhaa, ila wengi hawana muda wa kupiga picha, kuandika maelezo na kujibu wateja. Mwalimu anajua kulainisha jambo gumu. Mhasibu anajua kupima kama laki moja ya tangazo imerudi. Mhudumu wa mapokezi anajua kumtuliza mteja mwenye hasira. Ujuzi huo hulipwa kwa mwezi, na wateja wawili wa kudumu wana maana kuliko maelfu ya wapita njia.

Ni kweli bando ni ghali na mtandao hukatika vijijini. Basi gharama hiyo iingizwe kwenye bei, na video irekodiwe kijijini irushwe mjini. Ni kweli pia kwamba sheria inabana: kanuni za mwaka 2020 zinawataka watoa habari mtandaoni wawe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimruhusu muuguzi kuanika siri za mgonjwa. Lakini hapo ndipo mwenye fani anapomzidi mwingine, kwani amezoea kuishi na miiko. Hoja nzito zaidi ni kwamba wataalamu wakikimbilia mitandaoni, madarasa na zahanati zitabaki tupu. Ndiyo maana sishauri mtu aache kazi yake. Bwana shamba asiyekanyaga tena shambani atabaki akirudia ya mwaka juzi, na mkulima atamgundua kabla ya msimu kwisha. Mguu mmoja ubaki kazini, maana huko ndiko yanakotoka maneno ya kesho.