Je, Wajua Kwamba Mvinyo Mwekundu Nao Hutaka Ubaridi?

Chukua punje moja ya zabibu nyeusi, imenye ganda, kisha ikamue juu ya sahani nyeupe. Kitakachodondoka ni maji yasiyo na rangi, au yenye ukijani kwa mbali. Wekundu wote wa mvinyo umo kwenye ganda. Ndiyo maana mtengenezaji wa mvinyo mwekundu hachuji maganda mapema. Huyaacha yaloweke ndani ya juisi kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili na zaidi, huku chachu ikila sukari na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya ukaa. Ili kupata asilimia 1 ya kileo, chachu huhitaji takriban gramu 17 za sukari katika kila lita. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa asilimia 13 ilianza kama juisi yenye gramu 220 hivi za sukari kwa lita, tamu kuliko soda.

Pamoja na rangi, maganda na kokwa hutoa tanini. Hii ni jamii ileile ya kemikali inayofanya bibo, ndizi mbichi na chai ya rangi iliyokolea vikaushe ulimi. Tanini hushikana na protini za mate, mate hupoteza utelezi wake, na mdomo huhisi ukakasi. Mtu anayeonja mvinyo mwekundu mkavu kwa mara ya kwanza na kukunja uso hajakutana na mvinyo mbovu. Amekutana na tanini.

Nayaeleza haya kwa sababu mtu akishajua kilichomo ndani ya chupa, hahitaji pesa nyingi ili anywe vizuri nyumbani. Chupa ya bei nafuu huonewa sana katika nyumba zetu: hununuliwa ikiwa imeshachoka rafuni, humiminwa ikiwa na joto la chumba cha Dar es Salaam au Mombasa, hupewa chakula kisichoelewana nayo, kisha husemwa kwamba rahisi ni rahisi tu. Bei mara nyingi haina kosa hapo.

Mwaka 2008, watafiti walichapisha matokeo ya majaribio zaidi ya 6,000 ambamo watu walionja mvinyo bila kujua bei yake. Watu wa kawaida, wasiosomea uonjaji, hawakuupenda zaidi mvinyo wa bei kubwa. Kwa wastani waliupenda kidogo zaidi ule wa bei ndogo. Waliosomea uonjaji ndio walioelekea kuona tofauti. Mwaka huohuo watafiti wengine walichunguza ubongo wa watu waliokuwa wakinywa mvinyo uleule mmoja, mara wakiambiwa ni wa dola 10, mara wa dola 90. Walipoamini ni ghali, waliufurahia zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilionyesha hivyo. Kwa maneno mengine, ukimficha mgeni bei umemtendea haki yeye na chupa pia.

Hata hivyo, sishauri ununue chupa ya bei ya chini kuliko zote. Kioo, kizibo, lebo na usafiri hugharimu karibu sawa kwa kila chupa, kwa hiyo katika chupa ya chini kabisa fedha inayobaki kwa ajili ya zabibu zenyewe ni kidogo mno. Panda ngazi moja au mbili, na sehemu kubwa zaidi ya unacholipa huingia kwenye mvinyo. Ukizidi kupanda, unaanza kulipia jina.

Kwa Watanzania, ngazi hiyo mara nyingi inafika Dodoma. Huu ni mkoa wa ajabu kwa kilimo cha mizabibu. Sehemu kubwa ya mizabibu ya mvinyo duniani hukua kati ya nyuzi 30 na 50 kutoka Ikweta, ambako baridi ya kipupwe huulaza mmea na kuuamsha mara moja kwa mwaka. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, kavu, yenye mvua za msimu mmoja na usiku wenye ubaridi kuliko pwani. Hapo mzabibu haulali. Mkulima ndiye anayeuanzishia msimu mpya kwa kupogoa: akikata matawi, machipukizi hutoka, maua hufuata, na miezi michache baadaye kuna vichala. Hivyo shamba moja huvunwa mara 2 kwa mwaka, kuanzia mwezi wa pili hivi, na tena kuanzia mwezi wa nane. Mizabibu hiyo ilienezwa na wamisionari Wakatoliki katika karne ya 20, na misheni ya Bihawana ndiyo hutajwa kwanza wazee wanaposimulia. Aina ya zabibu nyekundu iliyoshika zaidi imepewa jina la Makutupora, palipo na kituo cha utafiti wa zao hilo. Hutoa mvinyo wenye nguvu, mwekundu wa kiza, na nyama choma ndiyo saizi yake.

Jirani yake rafuni mara nyingi ni mvinyo wa Afrika Kusini, nchi iliyokamua zabibu zake za kwanza huko Cape mwaka 1659. Ukiona Pinotage, hiyo ni zabibu iliyozaliwa hukohuko Stellenbosch mwaka 1925, pale mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold alipochanganya aina mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Chupa zake za bei ya kati zina matunda mengi na hazichoshi.

Sasa uko dukani. Usianze na lebo, anza na mahali chupa iliposimama. Joto na jua ni maadui wa mvinyo. Chupa iliyokaa dirishani au chini ya taa kali kwa miezi imekwisha kupikwa, hata kama ni ya shilingi laki mbili. Itazame shingoni: mvinyo ukipata joto hutanuka na kusukuma kizibo juu, au huvuja kidogo na kuacha utando unaonata kuzunguka mdomo. Ukiona hivyo, irudishe. Tazama pia mwaka wa mavuno ikiwa umeandikwa. Mvinyo mwekundu wa bei nafuu hutengenezwa unywewe ukiwa kijana, ndani ya miaka 2 au 3. Kuuficha kabatini kwa miaka 10 ukisubiri ubora ni kuuzika. Kifuniko cha kusokota si dalili ya unyonge. Vizibo vya gome la mti hubeba mara nyingine kemikali iitwayo TCA, na kiasi cha nanogramu chache tu kwa lita hutosha kuufanya mvinyo unuke kama kadibodi iliyolowa. Kifuniko cha kusokota hakina kizibo cha kuleta tatizo hilo. Kama familia yako hunywa glasi moja moja, boksi lenye mfuko ndani pia ni chaguo zuri: Mwaustralia Thomas Angove alilisajili mwaka 1965, na kwa kuwa mfuko hujikunja kadiri mvinyo unavyotoka, hewa haiingii, na mvinyo hudumu wiki kadhaa baada ya kufunguliwa.

Kuna jambo moja ambalo natamani kila nyumba ya pwani ilifahamu. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitoka Ulaya, katika nyumba za mawe zenye nyuzijoto 16 au 18. Chumba chetu cha nyuzijoto 30 hakihusiki kabisa. Kwenye joto hilo kileo huruka haraka, kikaziba harufu ya matunda na kuchoma pua, na mvinyo huonekana mzito na usio na uhai. Uliokaa kwenye friji usiku kucha nao una shida yake: ubaridi mkali hukuza ukakasi na kuifinya harufu. Unachotafuta ni kati ya nyuzijoto 14 na 18. Weka chupa kwenye friji kwa saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kula. Kama wageni wamefika ghafla, chukua ndoo, tia barafu pamoja na maji, na uizamishe chupa dakika 10 hadi 15. Barafu peke yake hugusa kioo sehemu chache tu, lakini maji huizunguka chupa yote na kuondoa joto kwa kasi. Mimina kidogo kidogo, maana kwenye glasi joto hurudi upesi.

Glasi yoyote safi isiyonuka sabuni inatosha. Ijaze theluthi tu ili uweze kuuzungusha mvinyo na kuunusa. Kufungua chupa saa nzima kabla bila kuimimina hakusaidii, kwa kuwa uso unaogusana na hewa pale shingoni ni sentimita chache za mraba. Mvinyo ukiwa mkali, umimine kwenye jagi.

Mezani, nyama choma na mishkaki ndio marafiki wa kweli. Protini na mafuta hushikana na tanini kabla hazijaushika ulimi, na chumvi hupunguza uchungu. Pilipili kali ni habari nyingine: kileo huongeza muwasho wake, kwa hiyo chagua mvinyo laini, hata wenye utamu kidogo. Samaki na mvinyo mwekundu mara nyingi huacha ladha ya shombo, na mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chanzo kikubwa ni madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo. Changu wa kupaka mwachie mvinyo mweupe.

Kiasi cha mvinyo kilichobaki kihamishie kwenye chupa ndogo, ijae hadi shingoni, ifunge na uirudishe kwenye friji. Kitakaa siku 3 hadi 5. Ukikiacha wazi mezani, bakteria wa siki watakigeuza kuwa siki, na hapo kitafaa kulowekea nyama tu.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5 za mililita 150. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kabisa kwa afya, kwa hiyo hizo glasi 5 ni za watu kadhaa, si za mmoja. Mjamzito asimiminiwe, na mwenye ufunguo wa gari mpe juisi ya ukwaju.